Maswali na majibu: Bima ya viza haitoshi kwa safari ya meli ya kitalii

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma mstaafu, nina miaka 67, ninaishi Kisasa, Dodoma. Watoto wetu wametulipia mimi na mama yao safari ya meli ya kitalii itakayoanzia Barcelona, ipitie Marseille, Civitavecchia na Kuşadası huko Uturuki, na kuishia Piraeus, bandari ya Athens. Kijana aliyetujazia fomu za viza ametukatia bima ya euro 30,000 kwa kila mmoja (naambatanisha nakala ya cheti) na anasema inatosha. Mke wangu anatumia dawa za kisukari, lakini kijana alishauri tusilitaje jambo hilo ili ada isipande. Rafiki yangu naye ananiambia kwamba meli kubwa kama hizo zina daktari wake na bima yake. Je, kuna bima nyingine tunayopaswa kuichagua, au tutulie na hii? (Mstaafu, Kisasa)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Msitulie na hiyo. Vyeti vya aina hii hupita mezani kwangu mara kwa mara, vikiwa mikononi mwa wastaafu, wafanyabiashara na wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Ulaya, na karibu wote hunieleza kwa utulivu kabisa kwamba wamekwisha kukata bima ya safari, ilhali walichonunua ni kiambatisho cha fomu ya viza.

Kiasi cha euro 30,000 hakikutokana na tathmini ya umri wako, afya ya mama, wala njia ya meli yenu. Ni kiwango cha chini kilichowekwa na kanuni za viza za nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zinazomtaka mwombaji awe na bima ya kulipia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, kurejeshwa kwao kwa sababu za kiafya au kwa sababu ya kifo, na bima hiyo iwe na nguvu katika nchi zote za Schengen kwa muda wote atakaokuwa huko. Kanuni hiyo inazilinda kwanza nchi hizo dhidi ya mgeni anayeugua akiwa kwao na kushindwa kulipa. Ofisa wa viza akishaona kwamba kiasi, eneo na tarehe vinakidhi, kazi yake juu ya karatasi hiyo imekwisha. Hakuulizwa, wala hakujibu, kama itakufaa ukiwa melini.

Isome tena nakala uliyonitumia. Chini ya namba ya pasipoti, kwa herufi ndogo, eneo la bima limetajwa kuwa ni nchi za Schengen. Uturuki haimo miongoni mwake, kwa hiyo siku mtakayoshuka Kuşadası kutembea mtakuwa hamna bima yoyote, na muda meli itakapokuwa bahari kuu, kwa namna mikataba mingi ya aina hii ilivyoandikwa, mtakuwa katika eneo la mabishano. Tazama pia tarehe: bima inaanza siku ndege inapotua Barcelona na kuisha siku mnayoondoka Athens, ilhali mtaanza safari kwa treni kutoka Dodoma, mtalala Dar es Salaam na kubadilisha ndege njiani, mahali ambapo mzee anaweza kuanguka ngazini sawasawa na kwingineko. Na mbele ya jina la mama, kwenye kipengele cha maradhi aliyonayo, pameandikwa "Hakuna". (Kwa kuwa meli inatoka nje ya Schengen kisha inarudi, hakikisheni vilevile kwamba viza zenu ni za kuingia zaidi ya mara moja, hilo si la bima, lakini bora nilitaje.)

Sasa maneno ya rafiki yako. Ni kweli kwamba meli ina daktari. Huyo hatibu bure. Gharama zake huandikwa kwenye hesabu ya chumba chenu, pamoja na vinywaji na matembezi ya bandarini, nanyi hutakiwa kuzilipa kabla ya kushuka, kisha mkazidai kwa kampuni yenu ya bima mkiwa na ripoti ya daktari na ankara iliyochanganuliwa. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ambayo wastaafu wengi huitoa mfukoni kwa fahari, matumizi yake ni kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini.

Ni kweli pia kwamba meli ina bima, ila bima hiyo ni ya dhima ya mwenye meli. Mkataba wa Athens unaohusu usafirishaji wa abiria na mizigo yao baharini, pamoja na itifaki yake ya 2002, unambana msafirishaji alipe fidia abiria anapokufa au kuumia kutokana na ajali ya chombo, na unamtaka awe na bima ya kubeba wajibu huo. Ni sheria inayolenga mambo kama ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Sukari ya mama ikipanda usiku wa manane kati ya Civitavecchia na Kuşadası, hakuna mwamba uliogongwa wala kosa la nahodha, na mwenye meli hana cha kuwalipa.

Hapo ndipo gharama kubwa inapozaliwa. Zahanati ya meli, hata iwe nzuri kiasi gani, kazi yake ni kumtuliza mgonjwa mpaka afikishwe kwenye hospitali ya nchi kavu. Ikiwa hali ni mbaya, ataitiwa helikopta endapo umbali unaruhusu, au meli itageuza njia hadi bandari iliyo karibu, na mgonjwa atashushwa pamoja na mwenzi wake katika mji ambao hamkuupanga, meli ikaendelea na safari yake. Baada ya hapo kuna hospitali, hoteli ya anayemuuguza, na kumrejesha nyumbani kwa ndege akiwa amelala kwenye machela na muuguzi pembeni yake. Hesabu ya mambo hayo yakikutana huweza kufika makumi ya maelfu ya dola bila mtu yeyote kufanyiwa upasuaji. Kwa watu wa umri wenu, mimi sipendekezi kikomo cha matibabu kilicho chini ya dola 100,000, na gharama za kuhamishwa kwa dharura na za kurejeshwa nyumbani ziwe na kikomo chake chenyewe, zisikatwe humohumo. Mkataba utamke kwa maandishi kwamba unahusu safari ya meli na kwamba unalipia kumtoa mgonjwa melini hadi nchi kavu, kwa kuwa iko mikataba inayoyaacha mambo hayo nje mpaka mteja anunue nyongeza. Ulizeni pia neno "nyumbani" linaishia wapi, maana katika baadhi ya mikataba linaishia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na kilomita 450 na ushei za gari la wagonjwa hadi Dodoma zikabaki kuwa zenu.

Ninakuja kwenye kisukari, na hapa nitaomba radhi kwa ukali wangu. Ushauri aliowapa kijana huyo ndio unaovunja madai mengi kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoifahamu. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: anayeomba bima anawajibika kutaja kila jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni kumpokea, au ada ambayo ingemtoza. Akificha, kampuni ina haki ya kukataa dai, na kukataa huko huja mgonjwa akiwa tayari kitandani. Msidhani kwamba haitajua. Dai likiwa la maelfu ya dola, kampuni itaomba historia ya matibabu, na faili la kliniki ambako mama amekuwa akichukua dawa lipo, lina tarehe, lina sahihi ya daktari. Hata kwa mtu aliyetaja ugonjwa wake, kampuni nyingi huangalia kama hali imekuwa tulivu, yaani hakulazwa wala hakubadilishiwa dawa katika miezi ya karibuni. Aliyeficha hafiki hata kwenye mjadala huo. Na aliyetia sahihi kwenye fomu ni ninyi, si kijana. Yeye ada yake ameshaipata.

Jambo hili linarekebishika kabla ya kuondoka. Mpate barua fupi ya daktari wake inayotaja ugonjwa, majina ya dawa na vipimo vya karibuni, muiandikie kampuni iliyotoa cheti, na muombe majibu ya maandishi: inaongeza ada kiasi gani, au inaukataa ugonjwa huo. Ikiukataa, tafuteni kampuni nyingine itakayoupokea. Muwe pia makini na umri, kwa kuwa mikataba mingi hupunguza mafao au huongeza ada kuanzia miaka 65 au 70, na habari hiyo haiandikwi kwenye cheti cha ukurasa mmoja, imo ndani ya mkataba kamili.

Kuhusu kufuta safari kabla haijaanza, fidia ya jambo hilo huanza kufanya kazi siku mnayonunua bima, ndiyo maana kuinunua wiki ya mwisho ni kuipoteza nusu yake. Abiria akifuta safari, kampuni za meli hukata sehemu ya fedha aliyolipa, sehemu inayozidi kukua kadiri siku ya kung'oa nanga inavyokaribia, na katika siku za mwisho mara nyingi hazirudishi hata senti. Linganisheni kikomo cha fidia hiyo na fedha halisi waliyolipa watoto. Meli haimsubiri abiria aliyecheleweshwa na ndege, kwa hiyo fikeni Barcelona angalau siku moja kabla, hata kama bima inalipia gharama za kuifuata meli kwenye bandari inayofuata. Bima inayouzwa na kampuni ya meli yenyewe msiitegemee kabla ya kuuliza, kwani nyingi huuzwa kwa wakazi wa nchi fulani tu. Mizigo siizungumzii sana. Ndiyo watu wengi wanayoiulizia kwanza, na ndiyo inayoumiza kidogo kuliko yote.

Kinachonisumbua ni kikubwa kuliko safari yenu. Tumejizoesha kukata bima kwa ajili ya anayekagua, kama wenye magari wanaotafuta bima ndogo kuliko zote ili trafiki awapungie mkono wapite, kisha siku gari linapoungua wanaandamana kwa wakala wakidai fidia ambayo hawakuinunua. Vishoka wanaishi kwa tabia hiyo. Wamekaa kwenye vibanda vya kuchapisha na kutoa nakala, wanauza bima, picha za pasipoti na barua za mwaliko kwa wakati mmoja, na swali pekee wanalouliza ni unakwenda nchi gani. Nimewahi kuletewa cheti ambacho namba yake kampuni iliyotajwa juu yake haikuitambua kabisa. Wapo pia wanaowauzia bima ya safari wagonjwa wanaokwenda India kutibiwa, wakiwaaminisha kwamba italipia matibabu hayo, ilhali bima ya safari hulipia dharura isiyotarajiwa na kwa kawaida huyaacha nje matibabu ambayo ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Wakala na dalali wa bima nchini lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, kwa hiyo mkazi wa Kisasa hana kisingizio cha umbali. Pale mnaweza kuuliza kama muuzaji anatambulika na kama kampuni ina leseni. Mkiishanunua kwa njia halali na dai likakataliwa bila haki, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aliyenunua kwa kishoka hana mkataba wa kupeleka huko.

Wiki hii, mzee, mwombeni kijana vitu viwili: risiti ya ada yenye jina la kampuni na mkataba kamili wenye masharti yote, siyo cheti peke yake. Akivileta, nileteeni pamoja na barua ya daktari tuone kama bima hiyo inaweza kupanuliwa eneo, tarehe na kikomo, au kama ni nafuu kununua nyingine ya dunia nzima na kubakiza hii kwa ajili ya ubalozi. Akianza kupiga chenga kuhusu risiti, nendeni TIRA kwanza kabla ya kuja kwangu.