Kijerumani nitafundisha, bili apelekewe mwajiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: “Je, ni sawa kuwafundisha vijana wetu kwa ajili ya kazi za ng’ambo, na gharama aibebe nani?” Na nusu ya kwanza sina ugomvi. Nusu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, maana ndimo riziki yangu ilimo: nafundisha Kijerumani hapa Mombasa, na darasani mwangu wengi ni manesi.

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Kufumba na kufumbua, habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 zinawasubiri Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hautaji idadi yoyote wala mgao. Nani alisoma kanusho? Wiki ile simu yangu iliita hadi ikazima. Mama mmoja alitaka kujua kama binti yake anaweza “kumaliza Kijerumani” kabla ya Krismasi.

Nesi anayetaka kutambuliwa kule kama muuguzi kamili kwa kawaida hudaiwa kiwango cha lugha cha B2, yaani cha nne kati ya sita. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, hukadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika hapo. Kisha kuna mtihani wa kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu lazima upate alama 60 kwa 100. Wanafunzi wangu kadhaa hufanya zamu ya usiku. Wanatoka wodini, wanapanda matatu moja kwa moja hadi kwangu, macho mekundu. Tukifika kwenye zoezi la kusikiliza wanasinzia, nami huwaacha dakika tano.

Sarufi yenyewe haimtishi Mswahili kama watu wanavyodhani. Siku ya kwanza naweka mezani kijiko, uma na kisu. Der Löffel, die Gabel, das Messer. Darasa linaguna: kwa nini kijiko kiwe cha kiume, uma wa kike, na kisu kisiwe huku wala kule? Nami nawauliza, nyinyi mbona mwasema kijiko hiki, kisu hiki, lakini uma huu? Kimya kidogo, halafu kicheko. Watu waliolelewa na ngeli hawana sababu ya kuikimbia der na die. (Vitenzi kukimbilia mwisho wa sentensi ni balaa nyingine. Hapo hata mimi bado jasho hunitoka.)

Kinachowaangusha ni pesa. Karo, ada ya mtihani, tafsiri ya vyeti, viza, tiketi. Mwanafunzi mmoja alinijia akiwa tayari amempa ajenti pesa za “kufungua faili”, mkopo wa sacco aliodhaminiwa na dada yake. Alipofeli sehemu ya kuandika, ajenti akamwambia faili imefungwa, na kuifungua upya kuna ada nyingine. Hebu tazameni hesabu ilivyokaa: hospitali inayomhitaji haijatoa hata senti, ajenti anadai mara ya pili, na deni liko kwa nesi na dada yake. Siku atakapofaulu, hospitali itampata muuguzi aliyekwisha kufundishwa, na elimu yake haikuigharimu kitu.

Sidai maajabu. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ulishaweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Ujerumani yenyewe ina mpango uitwao Triple Win, unaoendeshwa na GIZ, shirika la Ujerumani la ushirikiano wa maendeleo, pamoja na shirika la ajira la serikali tangu 2013, ambao huchukua wauguzi kutoka nchi kama Ufilipino na Tunisia, na mwajiri ndiye anayechangia gharama za kuwafundisha na kuwaleta. Ikiwa wa Manila, kule Ufilipino, anaweza kufundishwa kwa pesa za mwajiri, wa Mombasa ana kasoro gani?

Najua wapo watakaosema tunawatoa manesi ilhali wodi zetu zinawalilia. Darasani mwangu nina wenye leseni ambao wanaishi kwa vibarua vya kliniki, siku mbili wapo, siku tatu hawapo. Anayewaonea uchungu na awape ajira leo, mimi nitafunga darasa kesho.

Kisha kuna jambo ambalo maejenti hawalitaji kabisa. Hapa kwetu, mara nyingi mgonjwa huoshwa na kulishwa na jamaa zake, na nesi hushika sindano, dawa na faili. Kule kuosha na kulisha ni kazi ya nesi pia, na mpaka vyeti vyako vitambuliwe, wengi hulipwa kama wasaidizi. Aliyekuwa akiongoza zamu hapa anajikuta anaagizwa beseni. Anayelipia mafunzo angekuwa mwajiri, nina hakika somo hilo lingefundishwa mapema, maana asingetaka mtu wake avunjike moyo mwezi wa pili.

Mmoja wa wanafunzi wangu sasa yuko Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mitihani aliipita vizuri, lakini Kijerumani cha kitabuni si cha mzee wa miaka tisini aliyevua meno yake. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti, ananong’ona: “Mwalimu, samahani kwa usiku huu. Bisserl ni nini? Mzee ananiomba bisserl, nimeitafuta kwenye droo, kwenye kabati, hata chini ya kitanda.” Nilicheka, kisha nikamjibu kwamba kwa watu wa huko bisserl ni “kidogo”. Mzee alitaka dirisha lifunguliwe kidogo.