Maswali ya wasomaji: Sensa (kihisio) ya bei rahisi inaweza kupima hewa kweli?

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa elektroniki hapa Mbeya, mradi wangu ni kupima vumbi na moshi wa stendi kwa sensa ndogo ya leza. Shida ni kwamba alfajiri inasoma juu sana hata magari hayajaanza kutoka, mchana inashuka. Supavaiza kasema sensa mbovu ninunue nyingine, mwenzangu anasema niweke tu modeli ya kompyuta itarekebisha yenyewe. Nimsikilize nani?*

Marahaba. Usitoe hela nyingine kwanza, kwa maelezo yako hiyo sensa yaweza kuwa nzima kabisa. Ndani yake kuna kifeni kinavuta hewa, hewa inapita kwenye mwanga wa leza, chembe zikikatiza zinatawanya mwanga na kipokezi cha pembeni kinahesabu, basi. Hakijui kama kilichopita ni moshi wa dizeli au tone la maji. Na ukungu wa Mbeya unaujua mwenyewe, unyevu ukipanda chembe zinanyonya maji zinavimba, zinatawanya mwanga zaidi, namba inaruka. Ila usiifute yote, maana alfajiri hewa ya baridi inalala chini na moshi wa mkaa na wa takataka unabaki palepale tunapovuta pumzi, kwa hiyo sehemu ya ile namba yaweza kuwa kweli tupu. Kazi yako ndo kutenganisha hivyo viwili.

Wenzetu wa AirQo, Chuo Kikuu cha Makerere pale Kampala, wamepambana na jambo hilihili. Walianza 2015, wanaunda vifaa vyao wenyewe, wamevifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na kila kifaa wamekiwekea sensa mbili za vumbi ili moja ikianza kupotoka ionekane mapema. Afu wakaviweka pembeni ya mashine kubwa ya rejea, ile ya bei mbaya inayonasa vumbi kwenye utepe na kulipima kwa miale ya beta, zote zikavuta hewa moja. Hapo ndo modeli ikaingia: unaipa namba ya sensa, joto na unyevu, unaipa na jibu la mashine kubwa, inajifunza tofauti inatoka wapi. Kwa zile chembe ndogo za PM2.5, yaani zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini, walitumia modeli ya miti mingi ya maamuzi, kila mti unatoa kadirio lake unachukua wastani.

Sasa mwenzako ana nusu ya ukweli. Modeli hairekebishi kitu kama hujaipa jibu sahihi la kujifunzia, na hilo jibu halitoki kwenye kompyuta, linatoka kwenye kipimo kingine unachokiamini. Nunua sensa ya joto na unyevu, ni hela kidogo, ifunge hapohapo anza kurekodi leo. Ulizia mashine ya rejea, hata kwa kuazima siku chache. Ukiikosa kabisa, kwenye ripoti usidai umepima kiwango cha PM2.5 wala usijilinganishe na kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, andika kwamba umeonyesha jinsi usomaji unavyoyumba na unyevu. Huo ni utafiti halali na mi ningeupa maksi nzuri.

Na ukifika kwenye kuijaribu modeli, tafadhali usichanganye dakika zote kwenye kapu moja afu uchote chache za majaribio, maana usomaji wa saa moja na dakika moja unafanana na wa saa moja na dakika mbili, modeli itakuwa imeshaona majibu. Weka pembeni siku nzima nzima ambazo haijaziona.

*Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Nafundisha fizikia sekondari Singida, wanafunzi wananiuliza habari za akili bandia kila siku, shule haina intaneti ya uhakika. Nianzie wapi?*

Nzuri mwalimu. Anzia maabara yako hiyohiyo. Chukua thamomita nzuri na moja ya bei rahisi, zitumbukize kwenye maji ya moto, waandike usomaji wa zote mbili kadiri maji yanavyopoa. Wachore grafu ya moja dhidi ya nyingine, wapige mstari kwa rula katikati ya nukta. Afu uwape usomaji mpya wa ile ya bei rahisi, watabiri ile nzuri itasema ngapi. Hapo mashine imejifunza, na huo ndo msingi wa akili bandia, ila mashine ni wao na penseli zao, na nina hakika wataelewa kuliko ukiwaonyesha video.

Mkipata hela kidogo kuna bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino Nano 33 BLE Sense, ina maiki na sensa za mwendo, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 256 tu lakini modeli ndogo inakaa humo inafanya kazi bila intaneti. Pakua programu na maktaba zake zote (yale mafaili ya msimbo inayoyahitaji) mjini kabla. Waifundishe kutofautisha kofi na mluzi, na kwanza warekodi makofi ya wavulana peke yao darasani, afu wasichana wajaribu uwanjani kwenye upepo. Ikikosea waulize kwa nini, usiwajibie haraka, na waache warekodi upya wao wenyewe mpaka ishike.