Sunita Kejriwal alikuwa nani kabla hatujamwona kwenye video?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mwaka 2024 niliona video za mama mmoja wa India anasoma ujumbe wa mumewe, mwanasiasa Arvind Kejriwal, aliyekuwa mahabusu. Kuna waliosema ni mama wa nyumbani tu kasukumwa kwenye siasa, mwingine akaniambia hapana, alikuwa bosi kwenye mambo ya kodi. Kipi kweli? Na kama alikuwa bosi, aliachaje kazi, sheria ilimkatalia?

JIBU: Nzuri, karibu. Huyo wa mwisho ndo kasema kweli, na mimi inaniuma sana mtu kafanya kazi miaka yote hiyo halafu anaitwa mama wa nyumbani kisa jina la mume ni kubwa. Sunita aliingia idara ya kodi ya mapato ya India na kundi la mwaka 1994, mumewe kaingia na la 1995, yaani kwa kazi mama ndo alitangulia. Arvind aliacha utumishi 2006 akaenda kwenye harakati za kupinga rushwa, chama chake cha Aam Aadmi kikaanzishwa 2012, Sunita yeye akabaki ofisini na mshahara wake wa serikali, na hapo ndo watu hawapaangalii, mwanaharakati anaweza kuacha kazi kwa sababu nyumbani kuna mtu ambaye hajaacha.

Sheria haikumkataza kuwa na mume mwanasiasa. Ugumu ulikuwa kwa mwajiri. Mumewe alikuwa Waziri Kiongozi wa Delhi, kwanza mwishoni mwa 2013 kwa siku 49 tu, kisha tena kuanzia Februari 2015, lakini idara ya kodi iko chini ya serikali kuu, na serikali kuu tangu 2014 iko kwa chama cha BJP ambao ni mahasimu wa mumewe. Sasa hebu fikiria wewe ni kamishna wa kodi, faili likija mezani la mtu mwenye urafiki na chama chochote kati ya hivyo viwili, ukiamua hivi wanasema umembeba mumeo, ukiamua vile wanasema umemwogopa bosi, hata kama umefuata kanuni neno kwa neno.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa kwenye baraza la rufani za kodi huko Delhi. Julai 2016 akastaafu kwa hiari, baada ya miaka kama 22. Kanuni za India zinamruhusu mtumishi aliyefikisha miaka 20 kuomba kuondoka na pensheni yake, kwahiyo hakufukuzwa, aliondoka kwa haki yake. Mimi bado naona ni hasara, kamishna mwenye uzoefu ule hapatikani kirahisi.

SWALI: Kwani angebaki kazini asingeweza hata kumpigia mumewe kura?

JIBU: Kura angepiga, tena bila shida. Kanuni zao za maadili ya utumishi za 1964 zinakataza mtumishi kuwa mwanachama wa chama, kuchangia chama au kumpigia mtu kampeni, na kura yenyewe hutakiwi hata kudokeza umempa nani. Zile za kupanda juu ya gari na kuomba kura barabarani, kama alivyofanya Delhi Aprili 2024, zingemgharimu kazi. Alishastaafu, ndo maana aliweza.