Bwalo limefungwa, na kocha anataka upungue

Msichana mmoja wa mwaka wa pili chuoni, mkimbiaji, ameniandikia: "Dada, kocha anasema nipungue kilo nne. Hedhi yangu haijaja tangu msimu uanze. Nile nini?"

Mdogo wangu, swali lako limenitia hasira, ila si wewe niliyekukasirikia.

Nimekimbia mita 800 miaka yangu yote ya chuo. Mazoezi yanaisha saa mbili usiku, bwalo limefungwa saa moja na nusu. Hapo mtu akuhubirie mlo kamili! Tulikuwa tunalalia mkate mkavu na soda, asubuhi tunaingia darasani tumbo tupu. Ijumaa kocha anaweka mizani katikati ya ukumbi, anasoma kilo za kila msichana kwa sauti, wavulana wanacheka. Mwaka wa tatu muundi wangu ukapata ufa. Swali la kwanza la daktari halikuwa kuhusu mazoezi. Aliuliza mara ya mwisho nilipata hedhi lini.

Basi sikiliza. Hedhi kukatika si dalili ya kuiva kimazoezi. Mwili usiopewa chakula cha kutosha hubana matumizi: homoni zinashuka, mifupa inadhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishalitolea tamko mwaka 2014, na wanaume nao wamo. Muone daktari wiki hii, mizani ingoje.

Halafu ule. Anayefanya mazoezi makali saa moja hadi tatu kwa siku huhitaji gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Ukiwa na kilo 52, ni gramu 312 kwa uchache. Saladi haifiki huko hata uile kwa ndoo. Weka ndizi, mayai ya kuchemsha na maziwa begini, ule kabla hujavua viatu vya miiba. Mimi nilianza hivyo mwaka wa mwisho, nikashika nafasi ya pili mashindano ya vyuo. Kocha yuleyule akaja kunipa mkono mbele ya watu. Niliupokea. Sijasahau.

Nimeshasema ubebe chakula? Beba chakula. Na mwende kama timu kudai sahani zenu ziwekwe akiba. Mwaka 2014 Shabazz Napier, nyota wa kikapu cha vyuo Marekani, alisema hadharani kwamba kuna siku alilala na njaa. Mwaka huohuo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ikaruhusu vyuo vya daraja la kwanza kuwalisha wanamichezo bila kikomo. Sisi tulinung'unika bwenini tu. Ninyi nendeni ofisini, tena kabla ratiba ya msimu haijapangwa.