Usilipe mapema kwa sababu ya trela

Ndugu, umeuliza kama ulipie sasa hivi lile gemu ulilolipenda kwenye trela (video ya kulitangaza) ya Gamescom, yale maonyesho makubwa ya gemu ya Cologne, Ujerumani. Mimi ningengoja. Kinachoonyeshwa kule Cologne mara nyingi ni kipande kimoja kilichopigwa msasa kwa ajili ya maonyesho, tena kikichezwa kwenye kompyuta ya nguvu kuliko mashine yako na yangu.

Gemu ya Watch Dogs ilipoonyeshwa E3, maonyesho ya gemu ya Marekani, mwaka 2012, mvua na upepo vilikuwa kama mtaa wa Kondele hapa Kisumu jioni ya Aprili. Ilipotoka 2014, watu waliweka picha ya maonyesho na ya gemu lenyewe kando kwa kando wakalalamika. Cyberpunk 2077 nayo ilivuma E3 2018, ikatoka Desemba 2020, na kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, ilikwamakwama hivi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni baada ya wiki moja hivi. Ilirudi Juni 2021.

Nina kibanda cha gemu hapa Kisumu, skrini nne. Niliwahi kulipia gemu moja kabla haijatoka, nikabandika bango mlangoni. Siku ya kwanza ikadai masasisho yaliyokula bando langu lote, na vijana wakarudi kwa FIFA kabla hayajafika nusu. (Bango lile bado lipo, linaziba ufa wa mlango.)

Ukitazama trela, angalia kama mtu anashika padi ya kuchezea na kucheza kweli, au kamera inaelea tu. Ikielea, hiyo ni sinema. Kisha subiri wiki mbili baada ya kutoka, utazame wanaocheza kwenye mashine kama yako.