Kutoa protini kwenye bakteria kwa kemikali: wadogo zangu someni kabla hamjashika pipeti

Wadogo zangu mnaoanza maabara, naona wengi mnakimbilia kemikali kali eti ndo itatoa protini nyingi. Kutoa itatoa, ila jiulize kwanza hiyo protini unaenda kuifanyia nini. Kama ni kuiangalia tu kwenye jeli (ile inayotenganisha protini kwa ukubwa), SDS (sabuni kali inayokunjua protini) na kuchemsha nyuzi 95 dakika 5 imetosha kabisa. Ila kama unataka enzaimu inayofanya kazi, SDS kaa nayo mbali, chukua Triton X-100 (sabuni laini) asilimia 1 na lisozaimu (enzaimu inayokata ukuta wa bakteria), weka kwenye barafu nusu saa hivi.

Sasa bakteria E. coli ana utando wa nje unaoizuia lisozaimu isifike ukutani, ndo maana watu wanatia EDTA, inanyang'anya magnesiamu na kalsiamu zinazoshikilia ule utando nao unalegea. Lakini kama baadae unapitisha kwenye kolamu ya nikeli (inayoshika protini yenye mkia wa histidini), EDTA hiyohiyo itabeba nikeli yako, utaona kolamu ya bluu inageuka nyeupe na protini inapita tu haishiki!! Hapo achana na EDTA, gandisha seli kisha yeyusha, halafu ndo uweke lisozaimu na Triton.

Ukinyanyua pipeti ukaona mchanganyiko unavutika kama mlenda usiogope, seli zimepasuka, hiyo ni DNA. Tia DNase (enzaimu inayokata DNA) na MgCl2 (chumvi ya magnesiamu) kidogo maana bila magnesiamu haifanyi kazi, subiri kama robo saa, itakuwa nyepesi. PMSF (inayozuia enzaimu zinazokata protini) weka dakika za mwisho kwa sababu kwenye maji haikai muda mrefu, na ni sumu, glavu lazima.

Ukishatoa kwenye sentrifuji tafadhali usimwage kitu, maji ya juu na mashapo ya chini vyote pitisha kwenye jeli, protini nyingi zinazodhaniwa hazijatengenezwa zimelala kwenye mashapo zimejisokota. Hizo zitoe kwa kemikali zinazokunjua protini, yaani urea molari 8 au guanidini molari 6. Urea itengeneze siku hiyohiyo na usiipashe moto, inazaa sayanati inayong'ang'ania protini na kuibadilisha. Na guanidini ikikutana na SDS ya sampuli ya jeli inaganda nyeupe kwenye tyubu, kwahiyo kama jeli ndo inafuata ni bora utumie urea tu.