Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Kwenye Simu ni Mali ya Nani?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi na wenzangu wawili tunatunga mchezo wa simu wenye majini, mashujaa na miji ya kale ya visiwa vyetu. Mmoja wetu anashikilia kwamba mchezo ujengwe juu ya blokucheni, yaani daftari la kidijitali lisilo na mwenyewe mmoja, ili panga na ngao ziwe mali ya mchezaji mwenyewe. Wa pili anasema huo ni mtego wa kuuzia watu sarafu za kidijitali. Je, kuna fikra yoyote ya maana katika usanifu wa michezo ya aina hii, au ni biashara tu iliyovikwa joho la kishujaa?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Wenzako wote wawili wana hoja, na ugomvi wao utapungua mkitenganisha maswali mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya: nani ana uwezo wa kubadilisha kanuni za mchezo, na nani atapata fedha kwa kuucheza.

Swali la kwanza ndilo lenye fikra. Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa mtandao wa blokucheni uitwao Ethereum, amesimulia kwamba alipokuwa kijana alicheza mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft kwa miaka mitatu hivi, hadi mwaka 2010 kampuni yenye mchezo ilipopunguza nguvu za uganga wa mhusika aliyempenda, naye akalala akilia. Mtu mzima anaweza kucheka, lakini kijana yule aliona jambo la kweli: muda wake wote ulikuwa umewekwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwajibika kwake hata kidogo. Ethereum ilipoanza kufanya kazi mwaka 2015, ilileta blokucheni yake, yaani daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana, na ndani yake programu ndogo ziitwazo mikataba mahiri, ambazo hutekeleza kilichoandikwa bila kumngoja mwenyewe aidhinishe. Mkiandika humo kwamba panga za aina fulani hazitazidi 500, na msijiachie mlango wa kulibadilisha agizo hilo, hata ninyi watunzi hamtaweza kuchonga wa 501.

Kwa hiyo kiini cha usanifu huu ni mtunzi kujifunga mikono kwa hiari yake. Nanyi hamhitaji kwenda mbali kuona mfano, kwa sababu bao linalochezwa pale Mkunguni mbele ya ngome lina mashimo 32 na kete 64, na fundi aliyelichonga, hata akiwa bingwa kiasi gani, hawezi kuamka alfajiri akaamuru kwamba tangu leo lile shimo liitwalo nyumba limepoteza heshima yake. Kanuni zimo vichwani mwa wachezaji wote, wala hakuna mmoja awezaye kuzifuta. Blokucheni ni jaribio la kuurudishia mchezo wa kompyuta sifa hiyo, ambayo ulikuwa umeipoteza tangu kanuni zilipohamia kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni.

Sasa tatizo, na hapa naomba mnisome polepole. Daftari hili ni la wazi kwa kila mtu, ilhali mchezo wa majini na hazina huishi kwa siri. Mkiandika humo kwamba lulu imo katika sanduku la tatu, mchezaji mwenye ujuzi wa kompyuta atalisoma daftari na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku hilo. Bahati nasibu nayo ni taabu, kwa kuwa kompyuta zote zinapaswa kufikia jibu moja, na dadu ya kurushwa haina jibu moja. Njia ya zamani ni kila upande kuandika namba yake na kuifunga kana kwamba imo katika bahasha yenye lakiri, kisha bahasha zote zifunguliwe pamoja na namba zijumlishwe, ili asiwepo anayeweza kubadili yake baada ya kuona ya mwenzake. Mchezo wa Dark Forest, uliotokea mwaka 2020, ulikwenda mbali zaidi: ulitumia hesabu zinazomwezesha mchezaji kuthibitisha kwamba hatua yake ni halali bila kufichua yuko wapi. Kwa maoni yangu huo ndio mfano bora, maana pale teknolojia inautumikia mchezo wenyewe.

Gharama nayo ipo, kwa sababu kila ingizo hulipiwa ada. Mwishoni mwa mwaka 2017 mchezo wa paka wa CryptoKitties uliisonga Ethereum nzima kwa wingi wa miamala. Ndiyo maana wasanifu wengi huacha mapigano na mwendo kwenye seva ya kawaida, na kuandika umiliki peke yake katika daftari. Ni uamuzi wa busara, lakini mwambieni mchezaji ukweli wake: seva ikizimwa, atabaki na ushahidi usiofutika kwamba upanga ni wake, na hatakuwa na pahali pa kuuchomoa. Itakuwa kama mtu aliyeshika hati halali ya nyumba ya Takwa, mji wa kule Manda uliohamwa karne nyingi zilizopita. Mradi wa Loot wa mwaka 2021 ulijaribu kulikwepa hilo kwa kutoa mifuko 8,000 ya silaha iliyoandikwa kwa maneno matupu, bila picha wala mchezo, ili yeyote atakaye ajenge ulimwengu wake juu yake. Wazo lilinivutia, ingawa orodha ya silaha bado si mchezo.

Katika swali la fedha namuunga mkono mwenzako wa pili. Katika mchezo wa Axie Infinity, wa kampuni ya Vietnam, mgeni alipaswa kuwa na viumbe watatu kabla ya kuanza, na mwaka 2021 watu wengi wa Ufilipino waliufanya kazi ya kila siku. Sarafu waliyoichuma ilitumika zaidi katika kuzalisha viumbe wapya, ambao wanunuzi wao wakuu walikuwa wageni wanaoingia. Wageni walipopungua, sarafu ikafurika na bei ikaporomoka. Mama zetu wanaocheza upatu wanaelewa kwamba kapu halijazwi na mtokaji. Kisha, Machi 2022, wezi walichukua mali yenye thamani ya dola milioni 600 na zaidi katika daraja la mtandao wa mchezo huo, yaani njia ya kuhamishia mali kati ya blokucheni moja na nyingine, kwa kuwa walinzi wa kuidhinisha miamala walikuwa tisa, saini tano zilitosha, na nne kati yake zilikuwa chini ya kampuni moja. Daftari lenye walinzi wachache namna hiyo lina jina la blokucheni, lakini mikono iliyokusudiwa kufungwa imebaki huru.

Ushauri wangu ni mtengeneze kwanza mchezo mzima bila sarafu yoyote, muwape vijana wa mtaani wacheze mwezi mmoja, na mwangalie kama wanarudi wenyewe. Wakirudi, chagueni kanuni mbili au tatu ambazo mchezaji angeumia mkizigeuza, na hizo peke yake ndizo mziandike katika daftari.

SWALI: Masanduku ya kununua bila kujua kilichomo, yanayopatikana katika michezo hii, ni kamari au si kamari?
Mzazi, Malindi

JIBU: Hukumu ya dini waulize wanazuoni, dada yetu. Kwa upande wa usanifu, mtoto akilipa fedha asijue atapata nini, kisha alichopata kikawa kinauzwa sokoni kwa fedha, mimi sioni tofauti yake na kamari, na blokucheni huizidisha hali hiyo kwa kuwa soko halifungwi usiku wala mchana. Tazama kama mchezo unamwezesha mwanao kukipata kitu kilekile kwa kucheza tu. Usipomwezesha, ufute katika simu yake.